Matawi Niliyoyasahau Njiani

Kwetu Kindu, ukikuta watu wengi uani na unataka kujua kama wamekuja kucheka au kulia, usiangalie turubai. Turubai ni lile lile. Viti vya plastiki ni vile vile vya kukodi parokiani, na sufuria ni zile zile za akina mama wa mtaa, kila moja na alama yake ya rangi ili isipotee. Angalia matawi ya mchikichi. Yakiwa yamesimikwa wima kando ya njia, mazima, hayajaguswa na kisu, hapo kuna matanga, na mwenye pikipiki anapunguza mwendo. Yakiwa yamepasuliwa, yamesukwa na kukunjwa kuwa upinde juu ya lango, na maua yamechomekwa, hapo kuna sherehe. Mtoto mdogo anajua hilo. Mimi, ambaye mji mzima unanijua kwa kazi ya kupamba, siku moja nililisahau, na mpaka leo nikipita sokoni hakosekani wa kunikumbusha.

Tena wanaisimulia vibaya, kila mmoja anaitia chumvi anavyopenda. Basi acha niisimulie mwenyewe.

Mimi ni karani wa kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo. Tuna ghala moja karibu na stesheni ya treni, malori mawili yanayokwenda Kalima na Punia barabara ikikubali, na mashua moja ya injini mtoni. Mwenye kampuni ni mwanamke ambaye wateja wote wanamwita Mama tu, na wakisema Mama kwa sauti ile yao kila mtu anajua ni yupi. Mimi yeye ananiita madamu, kwa sababu aliponichukua nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndivyo watoto walivyoniita. Kila mwisho wa mwaka anawafanyia wateja wake sherehe, na kila mwaka ninaipamba mimi. Nasema bila haya kwamba hakuna mtu Kindu anayefunga utepe kwenye mgongo wa kiti kunishinda. Akitokea mtu wa kuyagusagusa mafundo yangu, tunagombana hapo hapo.

Sherehe ya kwanza tuliifanya wakati wa vita, nikiwa na miaka ishirini na kidogo. Mji ulikuwa umefungwa. Treni haikuja tena. Wenye bunduki wa mjini hawakutoka, wenye bunduki wa msituni hawakuingia, na sisi tulibanwa katikati, hatuwezi kwenda shambani, wala watu wa shambani hawawezi kuja kwetu. Kilichofika kilifika kwa ndege, na ni wachache walioweza kukinunua. Mawese tulikuwa nayo, maana michikichi iko mpaka nyuma ya vyoo vyetu. Chumvi ndiyo iliyotutesa. Watu walichoma majani ya mtoni, wakachuja majivu yake, wakapikia yale maji machungu, na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikawa na ladha ya moshi.

Mama wakati ule hakuwa na lori hata moja. Alikuwa na ghala hilo hilo, tupu, na wateja wake walikuwa wanawake wa mchele na karanga na wanaume wa kusukuma baiskeli zenye mizigo, ambao sasa hawakuwa na cha kuleta wala cha kupeleka. Mwezi wa kumi na mbili alikuja shuleni kwetu, akanikuta nafuta ubao, akasema anataka kuwafanyia wateja wake sherehe ya mwaka mpya, na amesikia kwamba najua kukata maua ya karatasi. Nilimwuliza wateja gani. Akasema wale wale. Nikamwuliza wale wale wanampa kazi gani siku hizi. Alinitazama kama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi, akanijibu kwamba hakuniuliza habari za kazi, aliniuliza habari za maua.

Maua niliyakata kutoka kwenye madaftari ya zamani, yakiwa na hesabu za watoto na masahihisho yangu mekundu. Nilipotaka rangi, niliyachovya kwenye mawese, yakawa ya machungwa na kupitisha mwanga. Yalipendeza sana, ingawa Mama alinung'unika siku nzima kwamba nalisha karatasi chakula cha watu. Halafu akafunga mlango wa ghala, akainua mbao mbili za sakafuni, akatoa nusu gunia la chumvi alilolificha tangu treni ya mwisho.

Tulikaa chini mchana kutwa, mimi na yeye, tukifunga chumvi kijiko kimoja kimoja kwenye majani ya ngongo, yale mapana ambayo mama zetu hufungia chakula cha safari. Vifurushi vilitoka vizuri, vya kijani, kila kimoja na kifundo chake cha kamba ya mgomba. Mimi kwa uroho wangu wa kupamba niliona ni dhambi kuviacha ndani ya beseni. Nikavifunga kwenye kamba ndefu na kuvitundika juu, toka ukuta mpaka ukuta, katikati ya maua ya madaftari.

Wateja walikuja, wakaketi chini ya chumvi bila kujua. Waliyasifu mapambo. Walikula wali na sombe ya majivu kama ya nyumbani kwao, na mzee mmoja wa baiskeli akatania kwamba angalau leo wanakula moshi wa nyumba nyingine. Ndipo Mama alipowaambia wasimame, kila mmoja anyooshe mkono achume kifurushi kimoja apeleke nyumbani, na wafungue taratibu kisimwagike. Walioionja kwanza kwa ulimi waliwaambia wengine. Hakuna aliyepiga makofi. Walivishika kwa mikono miwili, wengine wakaanza kulia, na mwanamke mmoja wa mchele, kutoka upande wa mji ulio ng'ambo ya mto, alikitia chake kifuani akatoka mbio bila kuaga mtu. Mama aliudhika. Alisema huyu kweli hana adabu, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa akimtania kwa jambo hilo, naye mwenzake alicheka tu.

Baada ya vita nikaacha chaki nikahamia ghalani moja kwa moja. Treni ilirudi kwa kusuasua, malori yakanunuliwa, sherehe ikakua. Maua ya madaftari yakawa maputo na tepe za kung'aa. Yule mwanamke wa mchele akawa mteja wetu mkubwa kuliko wote, na kila sherehe kiti chake kilikuwa kando ya kiti cha Mama.

Sasa nifike kwenye matawi. Miaka michache iliyopita Mama aliugua presha. Binti yake alimchukua Kisangani kwa matibabu, akakaa huko miezi miwili, na daktari akamkataza chumvi. Mtu aliyewagawia wenzake chumvi vitani akakatazwa chumvi. Nilicheka nilipopata habari, kisha nikaona uchungu. Wakati hayupo, kampuni nyingine ilifungua ghala upande wa pili wa soko, yenye malori mapya na vijana wa kupigia watu simu. Wateja wetu walianza kupungua. Hawakugombana na mtu, waliacha kupita tu. Hata yule wa mchele alihamia huko. Niliyaona kwa macho yangu magunia yake yakipakiwa kwenye lori jipya, naye akajifanya hakuniona.

Mama alirudi kwa ndege siku ya Jumatano, amekonda, akaenda moja kwa moja nyumbani bila kupita sokoni. Aliniita, tukazungumza hali ya kampuni, sikumficha kitu. Akanieleza kwamba kuna mtu anataka kulinunua ghala na anangoja jibu Jumatatu, siku ya kwanza kama tunavyoiita. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Madamu, tufanye sherehe yetu siku ya posho," akasema, yaani Jumamosi. "Kama watu wanakuya, nitabaki nao. Kama viti vinakaa bule, siku ya kwanza ule muntu nampa ufunguo."

Mialiko niliipeleka mwenyewe, kwa miguu, mkono kwa mkono. Walinipokea vizuri. Walisema tutaangalia. Walisema Mungu akipenda. Yule wa mchele alisoma mwaliko mara mbili, akaukunja, akasema ataona kama mtumbwi utapatikana, kama mtu ambaye havuki mto kila siku. Nilikodi viti sitini, na waliosema ndiyo moja kwa moja niliweza kuwahesabu kwa vidole nikabakiwa na vidole. Nilikuwa nimekasirika. Nikaapa kwamba nitapamba mpaka watakaokosa kuja watajuta.

Jumamosi asubuhi mwenye mkokoteni aliniletea matawi ishirini ya mchikichi. Yalikuwa mabichi na mazuri. Uani palikuwa na mbuzi wa jirani, na ardhi ilikuwa imeanza kuchemka, basi nikamwambia ayasimike kule mwanzo wa njia, kumi huku na kumi huku, yasikanyagwe, mimi nikimaliza maputo nitakuja kuyasuka. Nilisema hivyo mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Alinitazama kidogo, lakini mimi si mtu wa kuulizwa mara mbili siku ya sherehe, naye alilijua hilo.

Maputo niliyapanga ndani ya ghala, ambako njiani hayaonekani. Yalipasuka kwa joto, nikapanga upya. Jenereta ilikataa kuwaka, fundi akaanza kuifungua vipande vipande, kwa hiyo muziki haukuwepo. Niligombana na mama wa sufuria kuhusu mahali pa kuweka moto, tukanuniana, na wasaidizi wake wakawa wanamenya ndizi kimya kimya kwa kutuogopa. Ilipofika saa sita, mtu aliyepita njiani aliona hivi: turubai, viti vimepangwa, moshi, wanawake wamenyamaza na kuinamisha vichwa, hakuna muziki, na matawi mazima yamesimama mwanzo wa njia. Mwenye ghala hilo alipelekwa Kisangani mgonjwa miezi miwili iliyopita na hajaonekana tena. Nikiyaandika sasa najiuliza nilikuwa na akili gani.

Wa kwanza kufika walikuwa wanawake watatu wa karanga. Sherehe ilikuwa saa nane, nikashangaa wamewahi. Walikuwa wamefunga vitenge kiunoni na vilemba vya kawaida, nguo za kazini kabisa, na wanalia kutoka langoni. Nilidhani wamefiwa na wamekuja kuomba radhi. Nikawaambia pole. Wakanijibu pole kwako pia. Kisha wakapita viti vyangu vyenye tepe bila hata kuvitazama, wakatandika mkeka, wakaketi chini. Nitasema ukweli, kilichonichoma kwanza ni zile tepe.

Wakaja wengine. Walikuja wazee wa baiskeli na kuni mabegani, wanawake wa mawese na mikungu ya ndizi, na mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa njia ya Kibombo aliyesimama pembeni, viganja wazi, akisoma dua taratibu. Hakuna aliyeniuliza kitu, maana kwenye matanga huulizi nani amekufa, umeshajua ndipo umekuja. Mikeka ilipokwisha walikaa kwenye mchanga. Mama wa sufuria alisahau kwamba tumenuniana, akanivuta mkono, akanong'ona, "Madamu, hawa watu wanalilia nani?"

Nilitazama njiani nikaona matawi yangu.

Hapa ndipo wa sokoni hawapajui, kwa sababu sikuwahi kuwaambia. Nilipaswa kusema papo hapo. Niliwatazama na kuwatambua mmoja mmoja, wote wale wa tutaangalia, wote wale wa Mungu akipenda. Nikaona hasira inanipanda. Maiti mna nafasi ya kuijia na mzima hamna? Na chini ya hasira kulikuwa na woga kwamba nikiwaambia Mama ni mzima watafuta machozi, watachukua kuni zao, watarudi makwao, na Jumatatu ufunguo utaondoka. Nikawaacha walie. Nilisimama kando ya sufuria nikiwaacha walie.

Halafu akaingia yule wa mchele. Alikuwa amevuka mto na beseni la mchele kichwani, na mkononi alishika kitu kidogo cha kijani ambacho sikukiona vizuri. Hakuketi. Kwetu anayetaka kutoa ushuhuda wa marehemu husimama mbele ya watu, naye alisimama, akaweka beseni chini, akangoja kilio kitulie. Wakati huo nilisikia pikipiki inazimwa langoni, lakini watu wote walikuwa wamempa lango mgongo.

"Wakati wa vita mama yangu alikuwa analala chini tu," akasema. "Siku tatu hakula. Alikuwa anasema chakula hakina chumvi, njo sababu hakipiti. Huyu Mama akanipa chumvi. Nikakimbia, hata kuaga sikuaga. Mama yangu akakula, akalamba mukono yake, kesho yake akakufa. Alikufa chumvi iko mu kinywa. Sikumuambiaka huyu Mama hata siku moja, nilikuwa naona haya. Na mwaka huu muchele yangu nikaipeleka kwa wengine, sababu lori yao iko mupya."

Ndipo, kutoka langoni, tukasikia sauti tuliyoijua.

"Nani njo amekufa?"

Wote waligeuka. Mama alikuwa amesimama kando ya pikipiki, amesukwa nywele, amevaa kitenge kipya cha sherehe, amejishikilia bega la dereva. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi, lakini uso wake ulikuwa umelowa. Mwanamke wa mchele alimtazama, na kwa kuwa ameulizwa na mkubwa, alimjibu kwa heshima.

"Njo weye, Mama."

Mzee mmoja wa baiskeli aliangusha kuni zake. Wawili watatu walikimbilia ukutani. Mfanyabiashara wa Kibombo alibaki na viganja wazi hewani, kisha akajipangusa navyo usoni, akaanza kucheka, na kicheko chake kikawashika wengine mpaka uani pote watu wakawa wanacheka na kulia pamoja, wanamshika Mama mikono, mabega, nywele. Nilijipenyeza mpaka mbele nikakiri. Nilimwambia kwamba matawi ni mimi, mwenye mkokoteni hana kosa, na kwamba nilijua muda mrefu kabla sijasema. Mama alitazama njiani. Akatazama viti vyangu sitini. Vyote vilikuwa vitupu, tepe zake hazijaguswa, na watu wamejaa mchangani mpaka kwenye sufuria.

"Viti viko bule, madamu," akasema.

Kisha akaifuata mikeka, katika kitenge chake kipya, akaketi chini kando ya yule wa mchele. Nilianza kulia na mimi, nikiwa wa mwisho, baada ya wote kumaliza.

Mwanamke wa mchele alikuwa anajaribu kuficha mkono wake nyuma. Mama alimwonyesha kiganja. Alisitasita, akampa. Kilikuwa kifurushi kipya cha chumvi, kwa jani la ngongo, na kifundo chake kilikuwa cha kamba ya mgomba. Alikuwa amekileta ili akiweke kaburini. Mama alikifungua juu ya magoti yake taratibu, kama tulivyowaambia wao wafanye. Niliinama nikamkumbusha kwamba daktari wa Kisangani amekataza. Alichukua punje chache kwa ncha ya kidole, akaziweka ulimini, akafumba macho, na wote tulimngoja mpaka alipomeza.

Baadaye jenereta iliwaka. Matawi waliyasuka wateja wenyewe, kwa vitenge vyao vya matanga, kila mtu na kisu chake, na upinde ulitoka umepinda upande mmoja, nami nikajizuia nisiseme kitu. Kabla ya hapo lakini, Mama alikifunga tena kifurushi, akafungua mkoba wake, akanipa vitu viwili pamoja, kile kifurushi na ufunguo wa ghala. Akasema kila kimoja nikirudishe pahali pake. Nilivuta kiti kimoja kati ya vile sitini, nikapanda juu yake, nikakitundika kifurushi katikati ya maputo. Kisha nikashuka, nikaurudisha ufunguo kwenye msumari wake nyuma ya mlango.